Anataka nimfungulie daftari aone binti yake ameazima kitabu gani

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya umma ya mji mdogo upande wa Meru, na pia ni mke wa mchungaji wa Kanisa la Methodist. Huu ni mwaka wangu wa 14 kazini. Mume wangu amehamishwa mara mbili katika muda huo, na kwa neema ya Mungu mara zote ilikuwa ndani ya kaunti hii hii, kwa hiyo niliendelea na kazi nikisafiri kwa matatu. Sasa tunaishi nyumba ya kanisa, hatua chache tu kutoka maktaba. Hapa mjini kila mtu ananiita Mama Mchungaji, hata wasio wa kanisa letu. Ni wachache wanaokumbuka jina langu.

Nafungua maktaba saa mbili asubuhi. Kufika saa tatu viti vimejaa. Wengi hawaazimi kitu, wanakuja na madaftari yao kwa sababu nyumbani hakuna meza wala utulivu. Jioni nikirudi nyumbani, sebule si yangu. Watu huja kumwona mchungaji: wenye ndoa zinazoyumba, wenye kesi za shamba, wenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Naweka chupa ya chai na vikombe mezani, naingia jikoni na kuongeza sauti ya redio ili nisisikie wanayosema. Hakuna aliyenifundisha hilo. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilisikia jambo ambalo ningependa nisingelisikia, na tangu hapo redio yangu hukaa jikoni.

Mwezi uliopita binti mmoja wa kanisa letu alikuja kuazima kitabu. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne na anangoja kujiunga na chuo. Ni mwimbaji wa kwaya. Alikilaza kitabu kaunta kifudifudi, jalada likiwa chini. Nikafunua ukurasa wa mwisho penye karatasi ya tarehe, nikapiga muhuri, nikamrudishia vile vile alivyokilaza. Lakini daftarini lazima niandike jina la kitabu, kwa hiyo nilikijua. Unisamehe Shangazi, hata wewe sitakuambia ni kitabu gani. Nitasema tu kwamba kilinishtua, na usiku ule nilimwombea kwa jina.

Wiki mbili baadaye mama yake akaja. Ni kiongozi wa darasa kanisani, yaani kikundi kidogo cha waumini, na ni mwanamke aliyenifaa sana. Nilipofanyiwa upasuaji aliniletea uji siku 10 mfululizo. Siku hiyo alikuja kuleta mchango wake wa Umoja wa Wanawake, maana michango huwa naikusanya hapo hapo kaunta. Baada ya kutoa pesa akainama, akaniambia amemkuta binti yake na kitabu cha maktaba kilichofunikwa gazeti, na alipotaka kukiona binti alikinyakua. "Hebu nifungulie daftari, Mama Mchungaji." Nilidhani anatania. Akalishika daftari na kuligeuza upande wake, nami nikaweka mkono juu. Mikono yetu miwili ikakaa juu ya daftari, na wanafunzi wakitazama. Nikamwambia kwa upole kwamba siwezi. Akaniuliza, "Kwani wewe ni mama wa kanisa hili, au ni karani wa kaunti?" Sikuwa na jibu.

Jambo hilo likafika mkutano wa viongozi. Hakutaja jina, ila alisema kuna watu wanaoficha mambo ya vijana badala ya kuwalinda. Kila mtu alielewa. Mume wangu alirudi usiku, akavua viatu, akaniambia, "Mwambie tu, mambo yaishe." Amehudumu hapa miaka mitano na uhamisho unakaribia. Anaogopa, na mimi naogopa pia, kwamba tutaondoka na jina baya, na safari hii tupelekwe mbali ambako sitaweza kufika kazini.

Binti mwenyewe haji tena maktaba. Jumapili anakaa nyuma. Kitabu kimepitisha tarehe kwa wiki tatu. Mimi pia ni mama, Shangazi. Ningekuwa mimi, nisingetaka kuambiwa? Nimekosea wapi?

Mama Mchungaji, Meru

SHANGAZI ANAJIBU

Mama, mkono wako ulikaa mahali pake. Uendelee kukaa hapo hapo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale uliposema hata mimi hutaniambia ni kitabu gani. Nimefurahi kwamba hukuniambia. Nisikuulize tena, na msomaji yeyote asiulize.

Nianze na nyumbani kwangu. Nimelelewa katika nyumba ya mchungaji. Baba alihudumu Pwani, tukaanzia karibu na Ribe, ambako Wamethodisti walianza kazi tangu 1862. Miaka hiyo wanawake wengi wa jirani hawakujua kusoma, na waume zao walikuwa Mombasa wakifanya kazi bandarini. Barua zikifika, walimletea mama yangu. Mama aliketi na mwenye barua chini ya mwembe, migongo yao ikitazama nyumba, akamsomea kwa sauti ya chini, kisha akaikunja ile barua kwa mikunjo yake ya awali na kumrudishia mkononi. Siku moja mama mkwe wa mmoja wao akaja kuuliza mwanawe ameandika nini na ametuma kiasi gani. Mama akamkaribisha chai. Wakazungumza mvua, wakazungumza mahindi, bibi akaenda zake bila jibu. Mimi nilikuwa mtoto mwenye mdomo, nikamwuliza mama kwa nini hakumwambia, na hali yule ni mama yake mtu. Akasema, "Barua ina mwenyewe." Hakuongeza neno.

Kwa hiyo ukiulizwa tena kama wewe ni mama wa kanisa au ni karani wa kaunti, usitafute upande wa kuchagua. Jikoni unaongeza sauti ya redio ili siri ya mtu ibaki sebuleni. Kaunta unapiga muhuri bila kugeuza kitabu. Ni mkono ule ule wa mtu yule yule, na mumeo anaujua vizuri, maana kwa miaka yote hiyo amekutegemea wewe usisikie.

Sasa mumeo. Simlaumu. Ametoka kwenye mkutano mgumu usiku, amechoka, anataka amani nyumbani na kanisani. Lakini neno "mwambie tu" limesemwa kwa wepesi, na uzito wake wote umebebeshwa wewe. Hapo namkumbuka Susanna Wesley, mama yake John Wesley aliyeanzisha Umethodisti, naye mke wa mchungaji wa mji mdogo wa Epworth huko Uingereza. Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712 mumewe alikuwa London kwa shughuli za kanisa. Binti yake mmoja alikuta katika chumba cha vitabu cha baba habari za wamisionari waliotumwa India na mfalme wa Denmark. Susanna akaisoma, ikamwasha moyo. Akaanza kuwasomea hotuba watu waliokuja kwake Jumapili jioni, na idadi ikapanda hadi 200. Msaidizi wa mumewe akaandika kulalamika, na mumewe akamwomba aache. Susanna akamjibu kwa heshima kwamba kama kweli anataka aache, asimwambie kwamba anatamani tu. Ampe amri kamili, iliyo wazi, ili siku watakaposimama mbele ya Bwana yeye asihesabiwe hatia ya kuacha jema hilo.

Nawe keti na mumeo, saa ambayo hakuna mgeni. Usimhubirie. Mwambie aliseme ombi lake kwa urefu wake wote: "Mke wangu, chukua daftari la ofisi ya umma, umwonyeshe mtu siri ya mtu mzima mwingine, kwa sababu mwenye kuuliza ni rafiki yetu na ana sauti mkutanoni." Nadhani atashindwa kulimaliza. Kisha muulize, kama wewe ungekuja kumtaka akueleze aliyosikia sebuleni wiki hii, angekuambia? Yeye analijua jibu. Mkishakubaliana, yeye ndiye alipeleke mkutanoni, na aseme maneno machache: kazi ya maktaba ina miiko yake, kama kazi ya mchungaji ilivyo na miiko yake, na jambo hili halitajadiliwa tena hapa. Si haki wewe usimame peke yako mbele ya viongozi wa mumeo.

Kama watataka Biblia na Wesley, wapo. Siku ya Krismasi ya 1744 Wesley aliviandikia vikundi vyake vidogo maagizo, na mojawapo lilikuwa kutotaja kosa la mtu nyuma yake, na kuwakatiza mara moja wanaofanya hivyo. Hata darasa lenyewe, ambalo huyu mama analiongoza, lilipoanza Bristol mwaka wa 1742, kila mtu alitoa senti yake na kusema hali ya roho yake kwa kinywa chake mwenyewe. Kiongozi wa darasa anayo haki ya kuuliza "hali yako ikoje, mwanangu?" Amuulize binti.

Na kama watataka sheria, nayo ipo. Maktaba za umma zimewekwa mikononi mwa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo daftari hilo si lako, si la mumeo, wala si la kanisa. Ibara ya 31 ya Katiba hiyo hiyo inalinda faragha ya mtu, habari za maisha yake zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka wewe uliyekabidhiwa habari za watu uzitumie kwa kazi iliyokusudiwa tu, na daftari lako lilikusudiwa kujua kitabu kiko kwa nani na kitarudi lini. Mwandikie mkuu wako wa kazi barua fupi: tarehe, kwamba mtu aliomba kuona habari za msomaji, na kwamba ulikataa. Usitaje kitabu. Usimtaje binti. Barua hiyo iwe imefika kabla jambo halijamfikia kwa mdomo wa mwingine.

Binti angekuwa na miaka 12 ningezungumza nawe vingine, maana mtoto yumo mikononi mwa mzazi na kadi yake ya maktaba hutiwa sahihi na mzazi. Huyu ana miaka 19. Anapiga kura.

Umeniuliza umekosea wapi. Kuhusu daftari hukukosea popote. Mahali pamoja tu nataka nikukosoe, kwa upendo: michango ya Umoja wa Wanawake uliikusanya kaunta. Huyu mama alifika hapo kama muumini, akatoa pesa ya kanisa kwa Mama Mchungaji, na kabla hajatoa mkono mezani akaomba jambo la maktaba. Kwake ilikuwa meza moja. Wewe ndiye uliyeifanya moja. Kuanzia wiki hii michango ipokee nyumbani au kanisani, na anayeleta ujumbe wa mchungaji mwambie, "Nipitie jioni." Watakunung'unikia mwezi mmoja, kisha watazoea.

Na daftari lenyewe, Mama. Likikaa wazi kaunta, anayesubiri zamu yake anasoma majina ya waliomtangulia. Huenda huyu mama amesoma mengi kabla hajaligeuza. Kuna njia ya zamani isiyohitaji kompyuta wala umeme: kila kitabu kina kadi yake, kila msomaji ana kijimfuko chake cha karatasi chenye jina. Mtu akiazima, kadi ya kitabu inaingia kwenye kijimfuko chake na kupangwa kisandukuni kwa tarehe ya kurudisha. Akirudisha, kadi inarudi kitabuni, kijimfuko kinabaki kitupu, na hakuna mahali popote palipoandikwa alisoma nini. Kadibodi na gundi vinatosha, na hao wanafunzi wako watakusaidia kuzikata mchana mmoja. Mweleze mkuu wako katika barua ile ile.

Nije kwa huyu mama. Usimchukie, na najua humchukii. Mtu aliyekuletea uji siku 10 si adui yako. Amemwona binti yake akinyakua kitabu, na tangu siku hiyo nadhani hajalala vizuri. Nenda kwake nyumbani, jioni, bila mumeo, na ubebe kitu mkononi kama mnavyofanya huko kwenu. Mwambie: "Mama, ulikuja kwangu ukiwa na hofu, nami sikukupa nafasi ya kuisema. Daftari simfungulii mtu, na siku mtu akija kuuliza habari zako nitamjibu hivyo hivyo. Lakini hofu yako niambie, nitaisikiliza." Halafu nyamaza. Atakuambia mengi, na mengi yake hayatahusu kitabu. Pengine atakuambia wameacha kuzungumza tangu binti amalize shule, au kuna jambo la baba. Msaidie apate namna ya kuanza na binti yake pasipo kutaja kitabu: wapike pamoja, waende shambani pamoja, amuulize anataka kusomea nini.

Sasa lile linalokusumbua usiku. Kitabu kilikushtua. Naelewa. Ila kitabu mikononi mwa mtu hakikuambii kwa nini amekishika. Wapo wanaoazima kwa ajili ya dada, kwa ajili ya rafiki anayeogopa kuja mwenyewe, kwa ajili ya swali alilolisikia redioni. Wewe mwenyewe umepitisha mikononi vitabu vingapi kwa miaka 14 ambavyo mtu akikukisia kwavyo atakosea? Kwa hiyo usimwendee binti kwa sababu ya kitabu. Ukiona kwa macho yako mwenyewe kwamba amekonda, analia, ana alama mwilini, au akikutamkia neno la kutaka kujidhuru, hapo usingoje. Mwendee yeye kwanza, umsindikize hospitali au kwa mshauri nasaha, ikibidi usiku huo huo. Utakuwa umetenda kwa ulichokiona na kukisikia, na hakuna daftari litakalokuwa limefunguliwa.

Nina wasiwasi kidogo na macho yako. Umesema Jumapili anakaa nyuma. Yawezekana amesikia ya kaunta, mji ni mdogo na wanafunzi walikuwepo. Yawezekana pia alikuona ukimtazama kwa huruma, akajua kwamba unajua. Huruma ya Mama Mchungaji ikitua juu yako katikati ya ibada ni nzito, nawaambia mimi niliyekua karibu nayo. Msalimie kama ulivyomsalimia mwaka jana. Muulize kwaya inajifunza wimbo gani.

Kitabu kilichochelewa kifuatilie kama unavyofuatilia vya wengine wote. Mtumie ujumbe kwenye simu yake mwenyewe, maneno yale yale unayowatumia wote: tarehe imepita, tafadhali rudisha au uje kuongeza muda. Usitaje jina la kitabu, kwa sababu simu huachwa mezani. Ongeza sentensi moja tu, kama dhamiri yako inakuruhusu: daftari la maktaba halionyeshwi mtu. Anahitaji kuisikia kutoka kwako, maana huenda anadhani ulilifungua.

Uhamisho sitausemea sana. Kila mwanzo wa mwaka mnasimama katika Ibada ya Agano na kumwambia Mungu awaweke apendapo, na mchungaji wa Methodist aliyekaa miaka mitano mahali pamoja anajua masanduku hayako mbali. Barua itakuja ikiwa binti huyu angeazima kitabu au la. Msikubali mtu awaambie ni adhabu, na wewe usijiambie hivyo. Kwa upande wa kazi, usiandike barua ya kuacha kabla barua ya uhamisho haijasomwa. Uliza mapema katika ofisi ya wafanyakazi wa kaunti ni masharti gani ya kuhamia kaunti nyingine, na ujue tangu sasa ni nani utamkabidhi kile kisanduku cha kadi, na utamwelekeza nini.

Binti atarudi, nadhani, siku ambayo maktaba haina watu wengi. Atakilaza kifudifudi tena. Kipokee, piga mstari daftarini, umwulize kama atachukua kingine leo. Akishatoka, kirudishe rafuni mahali pa namba yake. Usikifiche nyuma ya vingine.

Shangazi